Kutwaa mwili, umwilisho, kielelezo au tashihisi: neno lipi litumike wapi

Kiingereza kina neno moja, *embodiment* (na kitenzi chake, *embody*), linalotumwa kazi nyingi mno. Kwa neno hilohilo Mungu anakuwa mtu, marehemu anasifiwa kwamba alikuwa uadilifu wenyewe, Katiba inabeba maadili ya taifa, mcheza ngoma anajua kwa viungo vyake jambo asiloweza kulieleza kwa mdomo, na roboti inapewa mikono. Mfasiri wa Nairobi akiletewa andiko la aina hiyo huanza kutafuta neno moja la Kiswahili litakaloubeba mzigo wote. Asijisumbue. Kiswahili kimeugawa mzigo huo kwa maneno kadhaa, na kila neno lina mahali pake. Anayeng'ang'ania moja tu ndiye huandika kwenye wasifu wa marehemu kwamba "alikuwa umwilisho wa ukarimu", na waombolezaji waliokaa chini ya hema wakabaki kutazamana.

Kabla ya kuchagua, jiulize ni nini hasa kimetokea. Kitu kisichokuwa na mwili kimepata mwili wa kweli? Kimejionyesha kwa sura tu? Kimeingia katika mwili wa mwingine? Au hakuna kilichotokea, ila msemaji anasifu, anafananisha, au anasema kwamba jambo fulani limo ndani ya jingine? Ukishapata jibu, nusu ya maneno yaliyokuwa yakikuchanganya yanaanguka yenyewe.

Mwili, kiwiliwili, maungo, umbo

Mwili ni jumla: kichwa, viungo na kila kilichomo ndani. Lakini kwenye taarifa za habari za Nairobi neno hilo limezoea pia kumaanisha maiti. "Miili miwili iliopolewa mtoni", "mwili umehifadhiwa katika mochari". Kwa hiyo makala ya michezo inayoanza na "miili ya wanafunzi ilionekana uwanjani" inamshtua msomaji kabla hajafika kituo. Tiba yake ni rahisi: ongeza kimilikishi na kitenzi cha uhai ("wanafunzi walinyoosha miili yao"), au tumia viungo.

Kiwiliwili ni mwili ukiondoa kichwa, mikono na miguu. Usikitumie kama kisawe cha mwili kwa sababu tu kinasikika vizuri zaidi. Msomaji makini anapoona "kiwiliwili cha mwanamume" kwenye habari ya polisi anaelewa kwamba kichwa hakikupatikana.

Maungo ni mwili kwa upande wa viungio na hisia. Husikika zaidi Pwani na katika ushairi kuliko mitaani Nairobi, na hufaa pale mwili unapohisi: uchovu, maumivu, raha. "Maungo yote yanamuuma" ni sentensi kamili. "Neno alitwaa maungo" haina mashiko.

Umbo ni ramani ya nje. Wingu lina umbo, jiwe lina umbo, herufi ina umbo. Umbo halina damu, na hiyo ndiyo faida yake: ukitaka kusema kitu kimeonekana bila kudai kwamba kimepata mwili wa kweli, sema kimechukua umbo. Jihadhari na ndugu yake, maumbile. Huyu humaanisha hali ya kuzaliwa nayo, ila pia ni neno la staha kwa sehemu za siri, hivyo "sanamu inaonyesha maumbile yake" inaweza kusomwa vingine kabisa.

Kufanyika, kutwaa, kupata, kuvaa

Hapa ndipo palipo na utajiri, kwa sababu makanisa yamelifanyia kazi suala hili kwa miongo mingi na kila tamko limeacha alama. Yohana 1:14 katika tafsiri ya Biblia iitwayo Union, iliyotoka mwaka 1952, inasema "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu". Tafsiri nyingine, Habari Njema, inasema "Naye Neno akawa mwanadamu". Sala ya Malaika wa Bwana, ambayo Wakatoliki husali asubuhi, adhuhuri na jioni, inasema "Neno wa Mungu akatwaa mwili". Katika Kanuni ya Imani isomwayo kwenye Misa wanasema "akapata mwili". Ni tukio moja lililosemwa kwa vitenzi vinne; wahubiri wameongeza cha tano, kuvaa, na kila kimoja kina faida na hatari yake.

| Tamko | Linasisitiza | Linapokwama |
|---|---|---|
| kufanyika mwili | kuwa kile ambacho hakukuwa | nje ya Biblia, "kufanyika" ni kwa mkutano au mtihani |
| kutwaa mwili | aliyekuwepo tangu awali anauchukua mwili kwa hiari | "kutwaa" ni pia kunyakua, kama timu inapotwaa kombe |
| kupata mwili | matokeo: sasa anao | mitaani ni kunenepa |
| kuvaa mwili | kuonekana kwa macho ya watu | vazi huvuliwa |
| kuwa mwanadamu | uwazi kwa msomaji wa kwanza | nyama na damu havitajwi |

Kwa andiko lolote jipya, la dini au la hadithi, kutwaa mwili ndilo chaguo bora. Kitenzi hiki kinahitaji mtendaji aliyekuwepo kabla ya tendo, na kinamwacha akiwa yeye yule baada ya tendo. Ndivyo imani yenyewe inavyodai: Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Kalkedonia wa mwaka 451 ulitamka kwamba Kristo ni nafsi moja yenye asili mbili, ya Mungu na ya mwanadamu, zisizochanganyika wala kugeuka. "Kufanyika mwili", likisomwa bila maelezo, laweza kumfanya mtu adhani kwamba Neno liligeuka likaacha kuwa Neno. "Kuvaa mwili" lina kasoro ya upande wa pili. Wahubiri wa Nairobi hulipenda kwa sababu linachora picha upesi, lakini aliyevaa koti si koti, na Kanisa la mwanzo lilipambana kwa muda mrefu na waliosema kwamba mwili wa Kristo ulikuwa mwonekano tu. Katika mahubiri ya dakika ishirini neno hilo linapita. Katika katekisimu lisipite.

Zingatia pia mwelekeo wa "kuvaa". Katika 1 Wakorintho 15:53 Union inasema "Maana sharti huu uharibikao uvae kutokuharibika". Hapo mwili ndio unaovaa, hauvaliwi. Ukizitumia maana zote mbili katika ukurasa mmoja bila kuangalia nani anavaa nini, hoja inajifunga.

"Kupata mwili" liachwe ndani ya sala. Wanaolisema kila Jumapili wanalielewa, na huinama wanapofika hapo; Noeli na Machi 25 hupiga magoti. Lakini mwambie mtu wa mitaa ya Umoja au Kayole kwamba fulani "amepata mwili" naye ataelewa kwamba amenona, pengine akuongezee kuwa mwili haujengwi kwa matofali. Riwaya inayoandika "roho ya babu ilipata mwili" inampa msomaji picha ya babu mnene.

Jambo moja zaidi kabla ya kuondoka kwenye mstari huo wa Yohana. Kigiriki chake kina neno *sarx*, yaani mwili kwa upande wa nyama yake, dhaifu na wenye kufa, tofauti na *soma*, mwili ukiwa mzima na wenye mpangilio. Kiswahili cha Biblia kimetumia mwili kwa yote mawili. "Matendo ya mwili ni dhahiri" katika Wagalatia 5:19 ni *sarx*. "Ninyi mmekuwa mwili wa Kristo" katika 1 Wakorintho 12:27 ni *soma*. Watafsiri hawakukosea, maana nyama pekee kwa msomaji wetu ni kitoweo. Ila ukiandika maelezo ya Biblia, taja kila mara ni mwili upi unaouzungumzia, la sivyo mwili uliotukuzwa sura moja utaonekana unalaaniwa sura nyingine.

Upatanisho wa sarufi ndio kipimo

Tazama tena: "Neno *a*lifanyika". Kwa ngeli, neno ni li-ya, na mwanafunzi wa darasa la sita anajua kuwa *lilifanyika* ndiyo sahihi. Hapa kiambishi a- kimewekwa kwa makusudi, kwa kuwa anayetajwa ni mtu. Kwenye Malaika wa Bwana ni vivyo hivyo: "Neno *wa* Mungu". Neno *la* Mungu ni Maandiko. Neno *wa* Mungu ni Kristo. Mhariri anayepitisha kalamu nyekundu hapo na "kusahihisha" anabadilisha imani ya watu kwa silabi moja. Hivyo hivyo programu za kusahihisha tahajia: kagua masahihisho yake mstari kwa mstari kabla ya kuchapisha andiko la aina hii.

Kipimo hiki kinafaa hata nje ya dini, na ni cha Kiswahili chenyewe. Ukiandika "njaa ilimkaba koo", njaa bado ni njaa, imepewa tu mikono ya kukabia. Ukiandika "Njaa alibisha hodi, akaketi mkekani", Njaa ameshakuwa mhusika, ana herufi kubwa, ana kiambishi cha viumbe, na kuanzia hapo lazima aendelee na a- hadi hadithi iishe. Kosa linaloharibu hadithi nyingi ni kuyumba: aya ya kwanza "Kifo alicheka", aya ya pili "Kifo kilisimama". Chagua moja. Ukichagua ngeli ya vitu unaandika tamathali. Ukichagua ngeli ya viumbe umempa mwili.

Tashihisi na umwilisho

Tashihisi, ambayo baadhi ya vitabu vya shule huiita uhuishi au uhaishaji, ni mbinu ya lugha: kisicho na uhai kinapewa sifa au matendo ya kiumbe. Kwenye jibu la KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, andika jina la mbinu, nukuu maneno yenyewe, kisha eleza ni sifa gani imepewa nini na kwa athari gani. Jina na nukuu bila athari ni jibu nusu. Umwilisho hauna kazi kwenye jibu hilo. Nao mwalimu wa dini asiite fundisho la Kristo "tashihisi", kwa sababu tashihisi hukiri kwamba kitu chenyewe hakikubadilika.

Umwilisho na kumwilisha

Umwilisho ni neno la Wakatoliki zaidi. Hutumika katika "Fumbo la Umwilisho", na kutokana nalo kumezuka kitenzi kumwilisha, hasa katika wito wa "kumwilisha Injili", yaani kuifanya ionekane katika matendo. Lina jamaa, utamadunisho, linalohusu Injili kuingia katika utamaduni wa watu. Waumini wengi wa makanisa ya Kipentekoste hawajalizoea. Kwao sema "Mungu kufanyika mwili" na uendelee.

Kitenzi hiki kinasumbua kwa sababu kimeundwa kutokana na nomino pamoja na kiambishi chake. Utamaduni uliacha u- yake ukatoa tamadunisha. Mwili haukuweza kuiacha mw-, maana "ilisha" isingetambulika. Tokeo lake ni kwamba jicho linaposoma "kumwilisha" linaiona -mw- kama kiwakilishi cha mtu, na msomaji anatafuta ni nani anayetendwa. Dawa ni kuweka kiambishi cha mtendwa: "waumini wa*i*mwilishe Injili", "tu*li*mwilishe neno hili katika kazi zetu". Katika kutendwa hakuna shida: "Injili ikimwilishwa". Kwa nomino, umwilisho ni tukio au fundisho, umwilishaji ni mchakato unaoendelea. Hayana wingi. Tumia neno hili kwa wasomaji wa seminari, jumuiya ndogondogo za Kikristo na majarida ya kanisa, na ulieleze mara ya kwanza hata kwao.

Kujimithilisha, kupagawa

Kwa Waislamu wa Eastleigh na Pumwani, kusema Mungu ametwaa mwili ni kinyume cha itikadi, na mfasiri anayewaandikia aeleze kwamba ni imani ya Wakristo badala ya kuitamka kana kwamba ni ya wote. Lakini malaika kumjia Mariamu kwa sura ya mtu ni jambo lililomo katika Kurani, sura ya 19, na kitenzi kinachofaa ni kujimithilisha: kujifanya mfano wa. Hakidai kwamba malaika alikuwa na damu. Kwa mizimu na majini ya hadithi, kujigeuza na kuchukua umbo hufanya kazi hiyohiyo kwa wepesi zaidi.

Pepo akiingia mwili wenye mwenyewe, neno ni kupagawa, au kupandwa na pepo. Tofauti ni ya mwenye mwili: anayetwaa mwili anaufanya wake, pepo yumo katika mwili wa mwingine na anaweza kutolewa.

Mtu anaposifiwa

Hapa andiko la Kiingereza linapenda nomino nzito, nacho Kiswahili kinapenda wepesi. Chaguo la kwanza ni kielelezo. "Wangari Maathai alikuwa kielelezo cha ujasiri alipopinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park mwaka 1989." Sentensi inasimama kwa sababu sifa imefuatwa na tendo. Bila tendo, kielelezo ni sifa tupu ya kila wasifu. Kumbuka tu kwamba mahakamani kielelezo ni kitu kinacholetwa kuwa ushahidi, na kwenye kitabu cha sayansi ni mchoro. Katika ripoti yenye maana hizo zote, kwa mtu tumia mfano wa kuigwa.

Kioo cha jamii halilingani na kielelezo, ingawa mara nyingi huandikwa kama kwamba ni kitu kimoja. Kioo huonyesha kilichopo, kizuri na kibaya. Mwandishi wa tamthilia ni kioo cha jamii. Mtetezi wa Msitu wa Karura ni kielelezo. Nembo na ishara ni za vitu: sanamu ya Dedan Kimathi iliyozinduliwa mwaka 2007 katika barabara yenye jina lake ni ishara ya mapambano, nayo inamsawiri Kimathi. Haimmwilishi.

Na kuna njia ambayo wafasiri huisahau ilhali kila mtu huitumia: sifa yenyewe ikifuatwa na mtupu. "Mama huyu ni wema mtupu." Hakuna nomino ya kigeni inayoshinda hilo katika hotuba ya mazishi.

Katiba, methali, sera

Maandishi hayatwai mwili. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 *kinabeba* au *kinajumuisha* maadili ya kitaifa. Methali *hufumbata* hekima, na kitenzi hiki, chenye asili ya kukunja kiganja juu ya kitu, ni kizuri sana kwa jambo kubwa lililomo ndani ya dogo. Lakini usikitumie kwa orodha ndefu: kiganja hakifumbati vifungu arobaini. Kwa orodha, jumuisha.

Kimwili, eneo lenye mashimo mengi

Wawezeshaji wa warsha za ngoma, tiba ya kiwewe na mafunzo ya mashirika wanahitaji kusema kwamba mwili nao unajua, unakumbuka, unafikiri. Wengi hukimbilia kimwili. Tatizo ni kwamba "mahusiano ya kimwili" na "tamaa za kimwili" zimelishika neno hilo, zikisaidiwa na mahubiri. Tangazo la "warsha ya uzoefu wa kimwili kwa vijana" litawaleta wazazi ofisini kabla ya vijana. Andika "warsha ya kujifunza kupitia mwili". "Kumbukumbu za kimwili" ziwe "kumbukumbu zilizokaa mwilini". Kiambishi -ni kinafanya kazi hiyo vizuri na hakina doa. Vivyo hivyo "mkutano wa kimwili", uliozuka ili kuutofautisha na wa mtandaoni: ni mkutano wa ana kwa ana.

Kimwili kinabaki salama panapokuwa na mwenzake wa kulinganisha: "kimwili na kiakili", "yupo kimwili, mawazo yako mbali".

Kwa ujuzi uliozama katika viungo, Kiswahili hutaja kiungo chenyewe. Mkono wa mshonaji wa Gikomba umezoea. Makanga anayening'inia mlangoni mwa matatu anajua kwa nyayo zake gari litakata kona lini. Jambo likishaingia damuni, tunasema limo damuni. Andiko la kitaaluma lililotaka dhana likubali maelezo haya mara ya kwanza, kisha likaze tamko moja, "ujuzi wa mwilini", na lisilibadilishe hadi mwisho.

Kwa mashine, "akili unde iliyopewa mwili" inatosha na inaeleweka. Kitenzi kupewa kinaweka wazi kwamba kuna aliyeunda na akatoa. Kutwaa kungedai hiari ambayo roboti haina.